Majeraha ya karate: tuanze kuhesabu

Maneno tuliyoyasema Kanyaruchinya mbele ya vijana wa karate, walimu na wazazi

Tunajua wengine wenu mumeacha bidoni kwenye foleni ya maji ili mutusikilize, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Munatuzoea tukija hapa kuongea juu ya maji, juu ya njia, juu ya usalama. Leo tumekuja kuongea juu ya karate, na hasa juu ya kuumia kwenye karate. Na tuanze na kosa letu sisi wenyewe, maana hatuwezi kila siku kuonyesha wengine kidole.

Miezi michache iliyopita tulipanga mashindano ya kirafiki. Vijana waliokuja hapa tangu 2022 wakikimbia vita ya Rutshuru na Nyiragongo, pamoja na vijana wenyeji, pamoja na wale wa mjini Goma. Wazo lilikuwa zuri na hatulijutii. Tulitafuta spika, tulitafuta jenereta, tulitafuta zawadi, tulitafuta vijana wa kusimamia watu. Kitu kimoja hatukukitafuta: mtu hata mmoja anayejua huduma ya kwanza.

Mchana, kijana mmoja wa miaka 17 alipigwa ngumi ya shavu. Alianguka, kisogo kikagonga chini. Na chini yake kulikuwa nini? Turubai moja juu ya mchanga, na chini ya mchanga makoro, haya mawe meusi ya volkano ambayo sisi wote tunayalalia. Alibaki chini kidogo, kisha akasimama akiyumba. Akasema, "Niko sawa, tuendelee." Watu wakapiga makofi. Sisi pia tulipiga makofi. Alimaliza pambano lile, na saa moja baadaye akapigana lingine.

Jioni alitapika mara tatu. Alimuuliza mama yake mara nne kama mashindano yanaanza saa ngapi, na mashindano yalikuwa yamekwisha. Mama alimpeleka hospitali usiku, kwa pikipiki ya kukopa. Kijana amepona, tunamshukuru Mungu. Lakini kwa majuma kadhaa alishindwa kusoma, mwanga ulimuumiza macho, na kelele ya kambi ilimfanya alie.

Tulipoenda kumwona, mama yake hakutukana. Alituuliza tu: "Ninyi munajuaka kuuliza serkali hesabu ya kila kitu. Sasa hesabu ya batoto benye banaumia mu michezo yenu iko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana tuko hapa leo.

Kwingine wamehesabu

Swali la yule mama lilitutuma kutafuta. Kumbe kuna watu wamehesabu majeraha ya karate kwa miaka mingi, na mambo mengi yanajulikana.

Mwaka 2020 kulitolewa mapitio yaliyokusanya tafiti nyingi juu ya mashindano ya karate ya aina ya Olimpiki. Wanahesabu hivi: kila mara mchezaji mmoja anapoingia kupigana, hiyo ni mara moja. Pambano moja lina watu wawili, kwa hiyo ni mara mbili. Walipata wastani wa majeraha kama 88 kwa kila mara 1000. Yaani karibu jeraha moja kila mara 11 mtu anapoingia uwanjani.

Tuliweka hesabu hiyo juu ya siku yetu. Tulikuwa na mapambano 32, ni mara 64. Ilipaswa tutarajie majeraha matano au sita. Tulipokaa kukumbuka, tulipata matatu: yule kijana, pua moja iliyotoka damu, na kidole kimoja kilichovimba. Labda siku yetu ilikuwa na bahati. Labda mengine yalifichwa. Hatutajua, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Sasa musiogope namba hiyo kabla ya kuielewa. Tafiti hizo zinaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya majeraha ya karate ni madogo. Zaidi ya nusu ni kuvimba na kuvilia damu, kisha vinafuata vidonda vya kupasuka ngozi. Mengi hupona bila kumtoa mtu shuleni wala kazini. Kwa hiyo mzazi uliyekuja hapa ukiwa tayari kumtoa mtoto kwenye karate, subiri kwanza.

Na wewe mzazi unayemruhusu mvulana na kumkataza msichana kwa kusema "ataumia", namba haziko upande wako. Mapitio hayo hayakupata tofauti ya maana kati ya wanaume na wanawake. Hatari ni ya wote wawili, na kinga pia ni haki ya wote wawili.

Lakini kuna jambo moja ambalo sherti tulichukue kwa uzito. Fasi inayoumia zaidi ni kichwa na shingo. Katika tafiti nyingi, zaidi ya nusu ya majeraha yote yako pale: midomo, pua, meno, macho, na ubongo wenyewe.

Kwa nini kichwa?

Munajua sheria za kumite kuliko sisi. Ngumi iliyofika vizuri ni pointi moja. Teke la mwili ni pointi mbili. Teke la kichwa ni pointi tatu. Anayetaka kushinda haraka anatafuta kichwa. Na ngumi ya uso ndiyo ya haraka kuliko zote, inafika kabla mtu hajaona.

Karate inasema: piga, lakini jizuie. Shida ni kwamba kujizuia kunataka mazoezi ya muda mrefu, na kunataka wote wawili wajue umbali. Mpinzani akiingia mbele wakati ngumi yako inatoka, ngumi uliyotaka iguse kidogo inakuwa ngumi kamili. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini jino limetoka.

Habari nzuri ni kwamba sheria inaweza kubadilisha mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sheria za mashindano ya dunia zilibadilishwa, na watafiti wakalinganisha. Katika mashindano matatu ya dunia ya kabla ya mabadiliko, walihesabu mapambano 2837 na majeraha 891. Hiyo ni jeraha moja kwa kila mapambano matatu hivi. Katika matatu ya baadaye, mapambano 2762 na majeraha 497. Hiyo ni moja kwa kila mapambano matano na nusu.

Tazameni vizuri. Mchezo ni uleule, ngumi ni zilezile. Kilichobadilika ni kanuni na namna waamuzi wanavyozisimamia. Majeraha yakapungua karibu nusu. Kwa hiyo mtu akikuambia "karate ni hivyo, lazima kuumia", mwambie hapana. Kuumia kidogo kutakuwepo. Kuumia vibaya, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu hakufanya kazi yake.

Siku ile ya Tokyo

Wengi wenu muliona video ile kwenye simu. Tarehe 7 Agosti 2021, ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Karate ilikuwa imeingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Paris 2024 haikuwekwa tena. Ni fainali ya wanaume wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza pointi 4 kwa 1 mbele ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Hamedi anarusha teke la juu. Ganjzadeh anaanguka, amezimia. Madaktari wanaingia palepale, wanamtoa kwa machela. Waamuzi wanakutana, kisha wanamtoa Hamedi kwa sababu alipiga bila kujizuia. Dhahabu inaenda kwa yule aliyezimia. Yeye mwenyewe alipata habari alipozinduka.

Watu walibishana sana, na hapa kwetu pia. Wengine walisema teke lile lilikuwa zuri, wengine wakasema Hamedi kaonewa. Mubishane tu, hakuna shida. Sisi tunachukua mambo mawili pale.

La kwanza: hata wachezaji bora duniani, kwenye tatami nzuri, wenye vifaa vyote, wanaweza kukosea kipimo. Kwa hiyo kijana wa hapa aliyeanza mwaka jana asiambiwe kwamba hodari haumii.

La pili: pale Tokyo hakuna aliyemwambia mtu aliyezimia "amka, wewe ni mwanaume, endelea". Madaktari walikuwa pale katika sekunde chache. Na ipo sheria ya kumite ambayo haihitaji hata franka moja: mchezaji aliyeanguka asiposimama vizuri kwa miguu yake ndani ya sekunde 10, ametoka, na harudi tena katika kumite ya mashindano yale yote. Sheria hiyo inaweza kufanya kazi Kanyaruchinya kama inavyofanya kazi Tokyo. Inahitaji mwamuzi mwenye kuhesabu kwa sauti, na watu wasiompigia kelele.

Siku yetu ile, hakuna aliyehesabu.

Mambo ya kujua leo kabla ya kurudi nyumbani

Tunaongea juu ya mtikisiko wa ubongo. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu. Mtu anaweza kuupata bila kuzimia, bila damu, bila hata kuvimba. Ndiyo maana tunaukosa.

Ukiona mwenzako baada ya kupigwa anayumba, anaangalia tu kama haoni, anasahau pointi au jina la mpinzani, anauliza swali lilelile, analalamika kichwa au kizunguzungu, anasikia kichefuchefu, mwanga unamsumbua, basi pambano limekwisha kwake. Harudi siku hiyo, hata akisema "niko sawa". Ubongo uliotikiswa ndio huohuo unaomwambia yuko sawa. Kichwa kikipigwa tena kabla hakijapona, hatari inakuwa kubwa zaidi, hasa kwa vijana. Apumzike siku moja au mbili, arudi polepole kwenye shule na mazoezi mepesi, na asirudi kupigana na mtu mpaka munganga amuone.

Ukiona anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia na kuamshwa ni shida, anapata degedege, mkono au mguu umelegea, au maji meupe ama damu inatoka sikioni, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Hospitali mara moja. Akiwa chini na analalamika shingo, musimvute, musimkalishe, kichwa kishikwe kisitikisike mpaka msaada ufike. Akizimia lakini anapumua, na hakuna dalili ya kuumia shingo, alazwe kwa ubavu.

Pua ikitoka damu, akae, ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Ule mtindo wa kuinua kichwa nyuma, tuuache, damu inashuka kooni.

Jino la ukubwani likitoka zima, lishikwe upande wa kutafunia, siyo kwenye mzizi. Lisuuzwe haraka kwa maji safi bila kusugua, lirudishwe kwenye shimo lake au liwekwe ndani ya maziwa, na mtu akimbie kwa munganga wa meno. Ndani ya saa moja kuna matumaini mazuri. Baada ya hapo yanapungua.

Na jambo la mwisho ambalo linadanganya wengi: kinga ya meno inalinda meno na midomo. Haizuii ubongo kutikisika. Kofia ya kichwa pia inapunguza vidonda, lakini haikupi ruhusa ya kupigwa. Vivae vyote munavyovipata, lakini musiviamini kuliko kujizuia.

Hatuna vitu, lakini tuna kitu

Tunasikia munachosema chinichini. "Ninyi munaongea kama tuko Tokyo. Hapa hata chakula ni shida." Ni kweli. Kinga moja ya meno inazunguka midomo mitatu, na hiyo si salama, ni kupeana magonjwa. Glavu zimepasuka. Ardhi yetu ni volkano iliyopoa. Njia yenyewe ya Rutshuru ilikatwa na moto wa Nyiragongo ule usiku wa 22 Mei 2021. Hatuwezi kuamuru mawe yawe laini.

Lakini tutenganishe mambo mawili: yale yanayotaka franka na yale yanayotaka akili na msimamo.

Vumbi la mbao liko kwa mafundi seremala, wanaotengeneza vitanda na chukudu. Tabaka nene, limeshindiliwa, turubai juu yake imekazwa isiwe na mikunjo: si tatami, lakini kisogo kitakushukuru. Kumweka mtoto wa kilo 40 apigane na wa kilo 40, siyo na wa 60, ni bure. Kukataza ngumi yoyote iguse uso wa watoto wadogo ni bure. Kufundisha kuanguka kabla ya kufundisha kupiga ni bure. Kusema "inatosha" ni bure pia, ijapokuwa kwa wengine wetu hiyo ndiyo bei kubwa kuliko zote.

Maana tuseme ukweli. Kijana aliyepoteza nyumba, shamba na shule, karate ni fasi moja tu ambapo bado anaitwa hodari. Kumwambia aache pambano ni kama kumnyang'anya na hicho kidogo. Tunaelewa. Ndiyo maana kuacha pambano kusiwe aibu yake. Iwe kazi ya mwamuzi, ya mwalimu, ya sisi tunaopanga. Yeye asiulizwe "unaweza?", maana atasema ndiyo kila mara.

Tunachoahidi na tunachodai

Kwanza, sisi. Kuanzia leo tunajifunga kwa mambo haya mbele yenu:

1. Hatutapanga wala kuunga mkono mashindano yoyote bila mtu wa huduma ya kwanza uwanjani, mwenye uwezo wa kusimamisha pambano, na bila pikipiki au gari iliyolipwa kabla, inayosubiri mpaka mwisho.

2. Sekunde 10 zitahesabiwa kwa sauti. Aliyetolewa kwa kichwa harudi siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama ni rafiki yetu.

3. Tutatafuta wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu waje kufundisha angalau vijana wawili wa kila klabu, msichana na mvulana.

4. Tunafungua kaye ya majeraha.

Kaye hiyo ni hii hapa. Ni ya kawaida, ya shule. Haina majina. Ina tarehe, umri, msichana au mvulana, mazoezi au mashindano, sehemu ya mwili, ilitokea namna gani, kilifanywa nini, na siku ngapi mtu alikaa bila kucheza. Kila klabu itakuwa na yake. Mwisho wa mwezi tutakaa pamoja na kuzisoma. Tukiona vifundo vya miguu vinaumia kila juma fasi moja, tutajua ni uwanja. Tukiona pua nyingi katika klabu moja, mwalimu wake hatutamshtaki, tutakaa naye tuangalie namna anavyofundisha umbali.

Kwenu walimu, tunaomba tu: andikeni hata lile dogo, na andikeni hata lile ambalo ni kosa lenu. Ukurasa wa kwanza tumeujaza sisi. Ni kosa letu lile la kijana wa miaka 17.

Kwa wakubwa wa michezo katika jimbo na kwa viongozi wa karate, hatuombi zawadi, tunadai kazi. Mashindano yasipewe ruhusa kama hakuna munganga au mtu wa huduma ya kwanza. Mchango wa kuingia unaokusanywa kwa wachezaji, sehemu yake ilipie matibabu ya anayeumia palepale, na hesabu yake isomwe mbele ya watu. Mtoto akilipa ili apigane, asiachwe alipe peke yake akiumia.

Kwenu wazazi: ulizeni. Kabla ya kumvalisha mtoto kimono, muulize mwalimu nani atamshika akianguka. Kama hana jibu, musimtukane, mulete kwetu, tutatafuta jibu pamoja. Na mtoto akirudi amenyamaza kupita kawaida, mukae naye jioni hiyo.

Na wewe unayepigana. Tunajua utatucheka, utasema tumekuwa wazee. Sawa. Lakini siku mwenzako atakaposimama akiyumba na watu waanze kupiga makofi, wewe usipige. Inua mkono, sema "simamisha". Hata mmoja akisema, inatosha.

Yule mama alituuliza hesabu. Leo tunaweza kumjibu kwa ukurasa mmoja tu. Mwisho wa mwezi wa sita kuanzia leo tutarudi hapa, na kaye zote zitasomwa kwa sauti mbele yake na mbele yenu, zikiwa nzuri au mbaya.

Sasa leteni maswali. Na kabla hatujaanza: ni nani hapa ameumia mwezi huu na hajamwambia mtu? Si lazima usimame. Uje tu baadaye, tuandike.